Historia ya Kutafutwa na Kutambuliwa kwa Mwani wa Kijani katika Pwani Yetu

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wanachama watasoma habari za mikutano, za maghala, za mizani na za bei. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari iliyoanza zamani zaidi: jinsi mwani wa bahari yetu, na khasa mwani wa kijani, ulivyotafutwa, ulivyochunguzwa na ulivyopewa majina. Huenda mkulima akauliza, "Mwani tunaouuza ni spinosum na kotonii. Huu wa kijani twauondoa kambani na kuutupa. Historia yake yatufaa nini?" Swali hili ni la haki, nasi twataka kulijibu. Maana mkulima wa nchi kavu hawezi kulima vema asipojua magugu ya shamba lake, na mchungaji hawezi kulisha asipojua majani. Shamba letu ni bahari, na majani yake hatujayajua yote.

Mwani wa kijani ni upi?

Mwaka 1836 Bwana William Henry Harvey wa Ireland aliugawa mwani wa bahari katika makundi makubwa kwa kufuata rangi: mwekundu, wa hudhurungi na wa kijani. Mgawanyo huo watumika hata leo, walakini rangi inayoonekana kwa macho hudanganya. Wanachama wanajua ya kuwa kotonii na spinosum huwa na mbegu za rangi nyingi, na baadhi yake ni za kijani kabisa. Hata hivyo zote mbili ni za kundi la mwani mwekundu. Rangi nyekundu ndani yake ikiwa haba, kijani hujitokeza, lakini maumbile ya mmea hayabadiliki.

Mwani ulio wa kijani kwa haki hujulikana kwa mambo yaliyo ndani. Una rangi zile zile zilizomo katika majani ya mhogo na ya mnazi, na chakula unachojiwekea ni wanga, kama ilivyo mimea ya nchi kavu. Wataalamu wamethibitisha ya kuwa mimea yote ya nchi kavu ina asili moja na mwani wa kijani. Kwa hiyo mkarafuu na mpunga ni jamaa wa karibu wa utando wa kijani ulio juu ya mwamba kuliko kotonii alivyo jamaa wa utando huo.

Tuzitaje aina chache ambazo kila mtu aliyekwenda pwani wakati wa maji kupwa amezikanyaga. Ya kwanza ni Ulva, mwani mwepesi kama karatasi, ambao jani lake lina tabaka mbili tu za seli. Wengine wa jamii hiyo wamekaa kama mirija membamba, na ndio wanaofunika mawe na kamba. Ya pili ni Caulerpa, yenye shina litambaalo mchangani, mizizi myembamba chini yake, na juu yake vitawi vilivyo kama manyoya, au kama meno ya msumeno, au kama vishada vya zabibu. Ajabu ya Caulerpa ni kwamba mmea mzima, hata ukitambaa mita nzima, ni seli moja tu yenye viini vingi sana. Ya tatu ni Halimeda, ambayo mwili wake ni vipande vipande vigumu vilivyounganishwa kama mkufu. Vipande hivyo vimejaa chokaa, na mmea ukifa huanguka na kuwa mchanga mweupe. Sehemu isiyo ndogo ya mchanga wa fukwe zetu ilikuwa mwani ulio hai hapo kwanza. Kisha kuna Valonia na Dictyosphaeria, zilizo kama malengelenge ya kijani juu ya mwamba, na Codium, iliyo laini kama sifongo.

Waliotangulia

Mwani wa bahari yetu uliingia katika vitabu vya elimu ya mimea kwa njia ya kaskazini. Mwaka 1761 Mfalme Frederik wa Tano wa Denmark alituma msafara wa watu sita kwenda Misri na Bara Arabu. Mmoja wao alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Mswidi mashuhuri Carl Linnaeus. Bwana huyu alikusanya mimea ya nchi kavu na ya bahari katika safari yake toka Suez hata Mokha, akaandika pamoja nayo majina ya Kiarabu aliyoambiwa na wenyeji. Hakuuona mwisho wa kazi yake. Alifariki kwa homa huko Yarim, Yemeni, mwezi wa Julai 1763, akiwa na umri wa miaka 31. Katika watu sita alirudi mmoja tu, Carsten Niebuhr, naye ndiye aliyeyachapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775.

Humo ndimo yalimochapishwa kwa mara ya kwanza majina ya aina tulizo nazo mbele ya milango yetu: Caulerpa racemosa yenye vishada, Caulerpa serrulata yenye meno, Dictyosphaeria cavernosa, na Ulva reticulata yenye matundu kama wavu, inayojizonga katika kamba za mashamba yetu. Forsskål hakufika Unguja wala Mombasa. Lakini upepo wa kaskazi na wa kusi ulikuwa umekwisha kuunganisha Mokha na bandari zetu kwa karne nyingi, na mwani nao haukujua mpaka kati ya bahari hizo.

Linnaeus mwenyewe alikuwa ameipa Halimeda jina mwaka 1758, lakini aliiweka katika orodha ya wanyama, akidhani ya kuwa ni jamaa wa matumbawe kwa sababu ya ugumu wake. Jina Caulerpa lilitungwa mwaka 1809, na jina Halimeda mwaka 1812, yote mawili na Mfaransa J. V. F. Lamouroux. Twalitaja kosa la Linnaeus ili kila mwanachama aone ya kuwa kutambua mwani si jambo jepesi hata kwa mabingwa. Aliyeshika Halimeda mkononi bila hadubini ana haki ya kudhani kwamba ameshika jiwe.

Orodha za pwani yetu

Katika miaka ya 1870 Mjerumani J. M. Hildebrandt alisafiri katika Bahari ya Shamu, pwani ya Wasomali, Mombasa, Zanzibar, Visiwa vya Ngazija na Madagaska, akikusanya mimea. Alifariki Antananarivo mwaka 1881. Mwani aliouokota ulipelekwa Ulaya, na Ferdinand Hauck, akiwa mezani pake katika mji wa Trieste, aliuchunguza na kuuandikia makala zilizotoka kati ya mwaka 1886 na 1889. Hivyo mmea uliomea katika maji yetu uliondoka ukiwa mkavu ndani ya karatasi, ukarudi ukiwa na jina la Kilatini.

Baadaye walikuja wengine. Mwaka 1960 Johannes Gerloff wa Berlin alichapisha sehemu ya kwanza ya habari za mwani wa Kenya, nayo ilihusu khasa mwani wa kijani. Toka mwaka 1967 Profesa W. E. Isaac alianza kutoa orodha za mwani wa pwani ya Kenya katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika ya Mashariki, orodha ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja ikiongeza yale ambayo iliyotangulia haikuyaona. Kwa upande wa Tanzania, Erik Jaasund wa Norway alianza mwaka 1969 kuchapisha mfululizo wa makala juu ya mwani wa Tanzania, na mwaka 1976 akatoa kitabu cha kumwongoza mtu anayetembea pwani wakati wa kupwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Eric Coppejans wa Ubelgiji na wenzake walishughulikia pwani ya Kenya, pamoja na mikoko ya Ghuba ya Gazi, na jamii ya Caulerpa ikapata makala yake peke yake.

Lakini jambo la furaha kuliko yote ni kwamba kazi hii iliingia mikononi mwa wenyeji. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyewafundisha wengi katika nchi yetu ya kuwa mwani ni mali. Aliuchunguza mwani wa kujiotea uliokuwa ukiokotwa na kuuzwa nchi za nje, akafanya majaribio ya kuupanda. Taasisi ya Sayansi za Bahari ilianzishwa Zanzibar mwaka 1978. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Na mwaka 2005 kilitoka kitabu cha picha cha mimea ya bahari ya Tanzania kilichoandikwa na Eurico Oliveira, Katrin Österlund na Mtanzania Matern Mtolera. Juu ya vitabu hivi vyote limesimama gogo moja kubwa, orodha ya mwani wa Bahari ya Hindi nzima iliyotolewa mwaka 1996 na Paul Silva, Philip Basson na Richard Moe, yenye kurasa zaidi ya 1,200.

Kwa nini majina hubadilika

Wakulima wengi hukasirika wanaposikia kwamba jina walilofundishwa jana limebadilishwa leo. Hasira hiyo twaielewa, lakini sababu zake ni za maana.

Mwani hubadilika umbo kwa mahali ulipo. Caulerpa iliyo kwenye mawimbi makali huwa fupi na ngumu, na ndugu yake aliye katika dimbwi tulivu hurefuka na kulegea. Mchunguzi aliyeona mikusanyo miwili kutoka mahali pawili huweza kuipa majina mawili, na kumbe mmea ni mmoja. Kinyume chake pia hutokea: mimea miwili iliyo mbali kwa nasaba huonekana sawa kwa macho. Mwaka 1898 Bibi Anna Weber-van Bosse wa Uholanzi alitoa kitabu kizima juu ya Caulerpa ili kujaribu kuweka utaratibu katika fujo hiyo, na bado haikwisha. Siku hizi wataalamu husoma chembe za urithi zilizo ndani ya seli, na mwaka 2014 uchunguzi wa namna hiyo ulionyesha ya kuwa mimea iliyokuwa ikiitwa Caulerpa racemosa kwa ujumla ni aina kadhaa zilizo mbali mbali.

Mfano wa pili ni ule mwani wa mirija. Tangu mwaka 1820 uliitwa Enteromorpha, ukatengwa na Ulva kwa kuwa mmoja ni mrija na mwingine ni jani. Mwaka 2003 uchunguzi wa chembe za urithi ulithibitisha ya kuwa zote ni jamii moja, kama Linnaeus alivyokuwa ameziweka. Basi anayesoma vitabu vya Isaac na Jaasund akiliona jina Enteromorpha, ajue ya kuwa leo ni Ulva. Vitabu hivyo havijaharibika kwa sababu hiyo. Ni kama daftari la zamani la Chama: majina ya baadhi ya vijiji yamebadilika, lakini hesabu iliyoandikwa ni ya kweli.

Jina na bei

Wanachama wasidhani ya kuwa mambo ya majina ni mchezo wa wasomi. Mwani wetu wenyewe ni ushahidi. Neno kotonii latokana na jina Eucheuma cottonii, lililotolewa mwaka 1913 na yule yule Bibi Weber-van Bosse. Lakini mwani unaolimwa na kuuzwa kwa jina hilo si huo alioueleza yeye. Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii, aliyeshughulikia kilimo cha mwani Ufilipino, aliuona kuwa ni aina nyingine, akaueleza mwaka 1985 kwa jina la alvarezii. Leo waitwa Kappaphycus alvarezii. Na mwani wa spinosum katika vitabu huitwa Eucheuma denticulatum.

Tofauti hii ni ya mfukoni. Kotonii hutoa karajinani ya namna moja, inayoganda kwa ugumu, na spinosum hutoa ya namna nyingine, iliyo laini. Wenye viwanda huzitumia kwa kazi tofauti na kuzinunua kwa bei tofauti, na bei ya kotonii ndiyo ya juu. Gunia lililochanganywa aina mbili hushushwa thamani yote. Tena, tangu mwanzoni mwa karne hii kotonii imekuwa ikifa katika mashamba mengi ya Zanzibar, maji yanapopata joto na magonjwa yanapoenea, na wakulima wengi wamebaki na spinosum peke yake. Yule anayeweza kuitambua mbegu, kuiandika ilitoka wapi na ilistahimili maji gani, ndiye atakayekuwa na la kusema siku ya kutafuta mbegu nyingine.

Jinsi pwani inavyopimwa

Sasa tueleze jinsi kazi ya kupima na kutambua inavyofanywa, maana yahitaji uvumilivu kuliko fedha.

Wachunguzi huchagua siku za bamvua kubwa, wakati maji yakikauka mpaka karibu na mwamba wa nje. Siku za maji mafu hazifai, kwa sababu sehemu ya chini haionekani. Hapa mkulima wa mwani ana elimu kamili: kalenda yake ya kazi ni hiyo hiyo ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Kamba iliyopimwa hutandazwa kwa mstari ulionyooka toka ukingo wa mikoko au wa mchanga mkavu hata penye kuvunja mawimbi. Kila baada ya hatua zilizowekwa, fremu ya mraba huwekwa chini, na kila kilichomo ndani ya fremu huandikwa: aina zipi zimo, na kila moja imefunika sehemu gani ya mraba. Huandikwa pia saa, kina cha maji, na chini pana nini, kama ni tope, mchanga, changarawe au jiwe. Kwa njia hii huonekana mpango wa pwani. Juu, penye mawe yanayokauka mara mbili kwa siku, hukaa Ulva ya mirija. Kwenye mizizi ya mikoko huwa na mwani mwembamba kama nyuzi. Katika wangwa wa mchanga, kati ya nyasi za bahari, huonekana Halimeda na Caulerpa zilizoshika mchanga kwa mizizi yake. Na karibu na mwamba wa nje hukaa Valonia na Dictyosphaeria.

Kisha huchukuliwa sampuli. Mmea hung'olewa mzima pamoja na kishikio chake, maana bila kishikio Caulerpa nyingine hazitambulikani. Huoshwa kwa maji ya bahari, hupigwa picha ungali hai kabla rangi haijapotea, kisha huelezwa juu ya karatasi ngumu ndani ya sinia la maji, hufunikwa kitambaa na kukandamizwa mpaka ukauke. Kipande kidogo hukaushwa peke yake kwa ajili ya uchunguzi wa chembe za urithi. Mwisho huandikwa kibandiko: mahali, tarehe, jina la aliyeokota, na hali ya maji. Sampuli isiyo na kibandiko ni kama risiti isiyo na muhuri, haina atakayeikubali.

Ndipo kazi ya hadubini huanza. Ulva hukatwa kipande chembamba ili kuona tabaka za seli. Halimeda hutolewa chokaa kwa asidi hafifu ili nyuzi zilizo ndani zionekane, maana aina zake hutofautishwa kwa jinsi nyuzi hizo zinavyoungana. Tena hulinganishwa na sampuli za zamani zilizowekwa katika hifadhi za mimea mikavu. Karatasi moja iliyotunzwa vema huweza kumhudumia mchunguzi baada ya miaka mia na zaidi.

Faida na hatari

Mwani wa kijani si gugu tu. Caulerpa lentillifera, iliyopewa jina mwaka 1837 na ambayo imeandikwa pia katika orodha za pwani ya Afrika ya Mashariki, hulimwa katika mabwawa ya Mactan huko Ufilipino tangu miaka ya 1950, na huliwa mbichi kama kachumbari. Huko Afrika Kusini Ulva hulimwa katika mabwawa ya nchi kavu kuwa chakula cha konokono wa bahari wanaofugwa. Na hapa kwetu, katika mabwawa ya samaki ya Makoba, Unguja, majaribio ya Bibi Flower Msuya na Amir Neori yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha ya kuwa Ulva reticulata husafisha maji yanayotoka bwawani kwa kufyonza uchafu wa samaki na kuugeuza kuwa mwili wake. Hatusemi kwamba kila mwanachama aache kamba zake akapande Ulva. Soko lake kwetu bado ni dogo. Twasema tu ya kuwa asiyejua jina la kitu alichotupa hawezi kujua alitupa nini.

Hatari nayo ipo. Ulva hupenda maji yenye mbolea nyingi, iwe ni mbolea ya mashamba au maji machafu ya miji na mahoteli. Ikizidi ghafla mahali fulani, ni habari ya kuwa maji yale yamebadilika, na pengine habari hiyo huja kabla ya ugonjwa. Mwaka 2008, karibu na mashindano ya mashua ya Olimpiki huko Qingdao, China, bahari ilifunikwa na mwani wa kijani, na watu wengi walikusanywa kuuondoa. Wataalamu walipoutambua ulikuwa Ulva prolifera, nao waliufuatia nyuma hata kwenye mashamba ya mwani mwekundu ya jimbo la Jiangsu, ambako ulikuwa umeota juu ya kamba na vyelezo. Wakulima waliposafisha vifaa vyao, uliotupwa majini ulielea na kuzaana. Sisi tunaosafisha kamba kila bamvua na tusisahau jambo hilo. Uchafu wa kamba heri upelekwe nchi kavu.

Hatari ya pili ni mgeni asiyejulikana. Mwaka 1984 Caulerpa taxifolia ilionekana mbele ya Monaco katika Bahari ya Kati, ikiwa kipande kidogo. Mwalimu Alexandre Meinesz alipiga kelele, lakini miaka ilipita katika mabishano, na mwani ukaenea, kwa kuwa kila kipande kinachokatika huweza kuwa mmea mpya. Aina hiyo katika bahari zetu za joto ni mwenyeji, wala haina ubaya. Lakini funzo ni hili: mgeni hutambulikana pale tu wenyeji wanapokuwa wameandikwa. Pwani isiyo na orodha haiwezi kusema nani ameingia na nani ametoka.

Neno kwa wanachama na viongozi

Tukiitazama historia hii toka mwanzo, twaona ya kuwa waliotangulia waliziandika pwani zetu kwa safari fupi. Walikuja na mashua, wakaokota, wakaondoka. Sisi tupo kila bamvua, mwaka hata mwaka. Hapana mchunguzi awezaye kushindana na mwanamke aliyelima mahali pamoja kwa miaka ishirini, aliyeona mwani gani hutangulia masika, upi hufuata kusi, na upi ulikuwapo zamani na sasa hauonekani. Elimu hiyo haijaandikwa. Akifariki yeye, nayo hufariki.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya Halmashauri na mbele ya kila chama cha msingi. Kwanza, kila chama kiwe na daftari la pwani, litakaloandikwa angalau mara mbili kwa mwaka, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, kwenye mstari ule ule na kwa fremu ile ile. Pili, sampuli zikaushwe na kuwekwa vibandiko, nakala moja ibaki chamani na nyingine ipelekwe kwa wataalamu ili ithibitishwe. Tatu, pamoja na jina la Kilatini liandikwe jina la kijiji, kama alivyofanya Forsskål kwa Kiarabu. Jina la kijiji aghalabu hueleza matumizi au tabia ya mmea, nalo ni urithi wetu. Nne, daftari hilo lisomwe katika mkutano mkuu kama vile hesabu za fedha zinavyosomwa.

Gharama ya mambo haya ni kamba, vijiti vinne, karatasi na kalamu. Faida yake itaonekana siku ambayo mtu atasimama mbele ya wakubwa akidai ya kuwa pwani fulani ni tupu na haina kitu, na kwa hiyo ichukuliwe kwa kazi nyingine, au maji machafu yaelekezwe huko. Mwenye maneno matupu atashindwa hapo. Mwenye daftari la miaka kumi, lenye tarehe, majina na sampuli, atasikilizwa.

Miaka kumi ya Chama chetu imetufundisha kupima mwani uliokauka, kilo kwa kilo, ili mtu asipunjwe mizanini. Miaka kumi ijayo na itufundishe kupima mwani ulio hai ungali majini, ili watoto wetu nao wakute bahari yenye kitu cha kupima.